Kupima Chakula cha Karamu si Ubahili

Katika miji ya mwambao wetu, tangu Lamu na Mombasa hata Tanga, Unguja na Dar es Salaam, imekaa kauli moja ambayo watu wa kila daraja huipokea bila ya kuitia mizanini: ya kuwa chakula cha karamu hakipimwi. Mwenye shughuli akiuliza mchele wa walima uwe kilo ngapi, wazee humjibu kwa wepesi kwamba bora kisazwe kuliko kitindike. Akiuliza mara ya pili, hutazamwa kwa jicho la shaka, kana kwamba amedhihirisha mkono wa birika. Na akithubutu kuketi na kalamu na karatasi kuandika idadi ya wageni wake, husengenywa mtaa mzima kuwa ni bahili aliyemhesabia mgeni matonge yake. Hivyo, kwa kuogopa ndimi za watu, mtu ambaye dukani kwake hapotezi hata ratili moja ya sukari bila ya kuiandika, hununua magunia kwa kubahatisha siku ya kumwoza bintiye, na siku ya pili huwa hajui kilicholiwa ni kiasi gani wala kilichomwagwa ni kiasi gani.

Kauli hiyo naipinga, wala siipingi nusu nusu. Ninalolidai ni kwamba kupima ni sehemu ya ukarimu, tena ndiyo sehemu yake iliyo nzito, kwa kuwa kutia mchele sufuriani bila ya hesabu kwataka fedha tu, ilhali kujua ni nani atakayekuja, atakuja saa ngapi na atakuta nini mkekani, kwataka mtu awafikirie wageni wake mmoja mmoja kabla hawajabisha hodi. Na asiyepima, ijapokuwa nia yake ni safi, aghalabu shughuli humalizika naye amekwisha kuwadhulumu watu wale wale aliokuwa ameazimia kuwafurahisha.

Insafu yataka hoja za upande wa pili zitajwe kwanza, tena kwa nguvu zake zote. Wenye kauli ile husema mambo manne. Husema kwamba kuhesabu huondoa baraka. Husema kwamba wazee wetu waliishi kwa ukunjufu na hawakuwa wakipima chakula cha mgeni. Husema kwamba fedheha ya chakula kutindika mbele ya watu haifutiki, na kwamba gharama ya ziada ni nyepesi ukiilinganisha na heshima ya nyumba. Na husema kwamba kinachosazwa hakipotei, kwani majirani na maskini hukila. Hizi si hoja za kipuuzi, na aghalabu wanaozisema ni watu waliozoea kutoa kuliko kupokea. Kwa ajili hiyo wanastahili jibu lililo kamili, na nitawajibu kwa utaratibu wao wenyewe.

Kwa mintarafu ya baraka, hutegemewa habari iliyopokewa kutoka kwa Bibi Aisha, ya kuwa alikuwa na shayiri kidogo, akawa anakula humo kwa muda mrefu, hata siku alipoipima ikamalizika. Habari hiyo ni sahihi, nayo imo katika mkusanyo wa Imam Bukhari. Lakini katika mkusanyo uo huo imo habari nyingine, iliyopokewa na Miqdam bin Maadikarib, ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) awaamrisha watu wapime chakula chao ili wabarikiwe. Ya kwanza husikika katika vikao vya shughuli. Ya pili husikika kwa nadra. Wanavyuoni waliozikutanisha habari hizi mbili wako waliosema kwamba kipimo chenye baraka ni kile cha wakati wa kununua na kuingiza nyumbani, na kwamba kisichofaa ni kule kukipima tena na tena kilichomo ghalani kwa wasiwasi kuwa kitakwisha. Basi mtu aamuaye kabla ya kwenda dukani kwamba walima wake wahitaji kilo kadha za mchele, huyo amesimama upande wa amri, wala hana sehemu katika wasiwasi. Fauka ya hayo, sura ya Al-Furqan yawasifu waja ambao utoaji wao umekaa baina ya israfu na uchoyo. Na mahali palipo baina ya vitu viwili hapajulikani ila kwa kupima.

Ama dai la kwamba wazee wetu hawakupima, historia yetu yenyewe yalikanusha. Hawa ndio watu walioishi kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja. Ndio waliowafundisha watoto wao kwamba haba na haba hujaza kibaba, na kwamba mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikwenda kwa hesabu ya posho, na posho iliyozoeleka ya mpagazi, mtu aliyejitwika mzigo wa ratili 60 na zaidi, ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Na mkuu wa msafara aliyeikosea hesabu hiyo alikimbiwa na watu wake porini, au aliwaona wakianguka kwa njaa. Mpaka leo, kila mwisho wa Ramadhani, baba wa nyumba huwahesabu wote walio chini yake, mkubwa na mdogo, pamoja na kitoto kichanga, akatoa pishi moja ya nafaka kwa kila kichwa, takriban kilo 2 na nusu, wala hapana aliyepata kumwambia kwamba fitri yake haina baraka kwa kuwa imepimwa. Hata ugeni wenyewe wazee waliuwekea mpaka: siku mbili za kukirimiwa, na ya tatu jembe. Watu walioipimia safari, fitri na ugeni, hawawezi kuwa ndio waliotuusia kwamba sufuria la pilau halina kipimo.

Lililowadanganya wengi ni kwamba kipimo cha karamu ya zamani hakikuandikwa. Kilikuwa kichwani mwa mpishi mkongwe wa mtaa, ambaye alizijua nyumba zote na watu walalao ndani yake, akajua ni nani mgonjwa, ni nani amesafiri na ni nani ana mlo wa watu wawili; na aliyemtazama akitia mchele sufuriani kwa bakuli lake bila ya kusema neno, alidhani hapimi. Leo mitaa imepanuka, waalikwa hutoka Mbagala na Kisauni na ng'ambo ya bahari, na mpishi hukodiwa siku mbili kabla ya shughuli wala hamjui hata bwana harusi. Ule ujuzi umeondoka, na sisi tumebaki na ule ukimya, tukauita ukarimu.

Hoja ya tatu ndiyo iliyo na nguvu kuliko zote, kwa sababu imejengwa juu ya hofu, na hofu ya fedheha ni kitu cha kweli. Lakini nawasihi wenye hoja hii waitazame kwa karibu shughuli isiyopimwa inavyokwenda. Pilau imepikwa katika masufuria makubwa manne, nayo kwa hakika ni nyingi. Wanaume wa kwanza kutoka msikitini baada ya swala ya Adhuhuri wameketi mikekani, na vijana wapakuzi, kwa kuwa hapana aliyewaambia kila sinia lichukue kiasi gani, hulijaza hata likafanya kichuguu, na minofu yote iliyonona ikapangwa juu. Watu sita hula nusu yake au zaidi kidogo, wakanawa, wakashukuru, wakaondoka. Na kile kilichokwisha bomolewa kwa mikono hurudishwa uani, ambako hakiwezi tena kuandaliwa mgeni mwingine mwenye heshima zake. Mikeka hujazwa mara ya pili na mara ya tatu kwa namna iyo hiyo. Ikifika zamu ya mwisho, yaani zamu ya wanawake waliokesha wakichambua mchele na kukatakata vitunguu, ya waliochota maji, ya madereva na ya watoto wa jirani, sufuria la nne limekwisha kukwanguliwa ukoko, na huku ndoo za makombo zimepangwa ukutani zimefurika.

Karamu hiyo imemwaga na imepungukiwa saa ile ile. Ndipo inapobainika kwamba kupungua na kusaza si ndugu wa kupokezana zamu, mmoja akija mwenzake huondoka, bali wote wawili huzaliwa na kutojua. Mwenye kuongeza magunia ili kuikimbia fedheha hujiongezea makombo, na fedheha humkuta pale pale alipo, isipokuwa ya kwake huwaangukia watu wa mwisho, ambao kwa desturi hawasemi. Na mimi sioni ukarimu katika karamu ambayo waliokuja kula wamebakisha na waliokuja kupika wamelala na njaa.

Basi hesabu yenyewe ni ipi? Mpishi aijuaye kazi yake huuliza kwanza saa ya kula, kwa kuwa mtu aliyealikwa mchana huja na tumbo lililoandaliwa, na aliyealikwa baada ya Isha aghalabu huwa amekwisha kuonja kitu kwake. Huuliza pili ni nani watakaokuja, kwa maana mikeka ya vijana na mikeka ya wazee hailingani. Huuliza tatu ni nini kitakachoandaliwa pamoja na pilau, kwani palipo na sambusa, mkate wa kumimina na matunda, mchele huliwa kidogo kuliko palipo na kachumbari na ndizi tu. Akisha kupata majibu hayo, hushika kipimo ambacho wapishi wengi wanakijua: mtu mzima hutoshwa na gramu 100 hadi 125 za mchele mkavu, ambazo zikiiva huwa kati ya gramu 250 na 350, yaani kilo moja kwa watu wanane hata kumi.

Tuchukue walima wa mchana wa wageni 300, ambao 60 miongoni mwao ni watoto. Watoto wawili wakihesabiwa mtu mmoja, vinywa vya kulishwa ni 270. Kwa kilo moja kwa watu wanane, kipimo kilicho kikunjufu kuliko kile cha watu kumi, mchele ni kilo 34. Ukiongeza takriban sehemu moja ya kumi kwa ajili ya wasiotazamiwa, huwa kilo 38. Nyama pamoja na mifupa yake ikiwa kilo kwa kilo, ambao ni ukarimu usio na lawama, ni kilo 38 vilevile. Na asiyepima, akikisia kwa wasiwasi kilo moja kwa watu watano bila ya kumtenga mtoto na mkubwa, atapika kilo 60. Tofauti yake ni kilo 22 za mchele, ambazo zikiiva hazipungui kilo 50 za pilau, na kilo 22 za nyama, nayo ni kama nyama ya mbuzi wawili wa kimo cha kawaida. Hao ndio mbuzi waliochinjwa kwa ajili ya hofu, wala si kwa ajili ya mgeni yeyote.

Na katika hesabu hiyo yafaa kujihadhari na kosa la kuhesabu vyombo badala ya chakula. Mtu husema ametoa masinia 50, asiseme ni masinia ya upana gani, ilhali eneo la mduara hukua kwa kipeo cha pili cha upana wake: sinia la sentimita 70 halizidi lile la sentimita 50 kwa sehemu kidogo kama jicho linavyodhani, bali huchukua karibu maradufu. Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam, ambao sherehe za watoto wao leo huagiziwa pizza, huanguka katika shimo lilo hilo. Huhesabu vipande, nane kwa kila pizza, wakagawa vipande vitatu kwa kila mtu, wala wasiangalie kwamba pizza ya inchi 14 ni karibu mara mbili ya pizza ya inchi 10 ijapokuwa zote mbili zimekatwa vipande nane. Aliyeagiza kwa kuhesabu vipande, ama atawalaza watoto na njaa ama atayatupa maboksi yaliyojaa, na yote mawili yatamshangaza. Kwa hiyo swali la kwanza, kwa pilau na kwa pizza, ni uzito na upana wa kitu chenyewe. Mafungu yake huja baadaye.

Najua nitaulizwa: na akija asiyealikwa? Atakuja, na aje, kwani mgeni njoo mwenyeji apone. Zile kilo 4 za ziada zimewekwa kwa ajili yake. Lakini akiba ya mwenye busara hukaa mbichi. Kilo 34 ndizo zipikwe, na kilo 4 zibaki ndani ya gunia, nyama yake imekwisha kuchemshwa pamoja na nyingine na supu yake imetengwa, na sufuria dogo liko tayari kando ya jiko; watu wakizidi, mchele huingia motoni na kwa muda wa takriban saa moja pilau mpya imeiva, na wasipozidi, mchele hurudi ghalani ukakaa miezi bila ya kuharibika. Na kabla sinia la kwanza halijatoka uani, fungu la wapishi na wasaidizi wao litengwe, lifunikwe, na liwekewe mtu wa kulilinda. Jambo hilo moja laondoa fedheha zaidi kuliko gunia zima la mchele wa kubahatisha.

Yabaki hoja ya nne, ya kwamba kinachosazwa huwafikia maskini. Huwafikia kwa hali gani? Pilau iliyoiva saa sita mchana, ikakaa ndani ya sufuria kubwa ambalo kitovu chake hakipoi upesi, katika joto la mji wa pwani, ikapelekwa kwa mtu saa tatu za usiku, si sadaka salama. Wali uliopikwa na kuachwa katika joto la kawaida kwa saa nyingi huotesha vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, ambavyo mbegu zake huuvumilia moto wa kupikia, na moja ya sumu zake haiondoki hata chakula kikipashwa moto tena. Aulaye huweza kutapika na kuharisha. Kisha, Mtume alikwisha kukilaumu chakula cha walima ambao matajiri huitwa na mafukara huachwa. Mwenye kuwangojea maskini mlangoni mpaka matajiri washibe, akawapa kilichobaki, amekuwa karibu na lawama hiyo kuliko anavyodhani. Kama kweli tunawapenda, tuwaandike katika orodha pamoja na wengine, tuwaalike kwa majina yao, tuwaketishe mkekani saa ile ile na wakubwa wa mji, na tuwapimie gramu zile zile 125. Kupima ndiko kunakomwingiza maskini katika hesabu. Kubahatisha humwacha katika makombo.

Wala tusijidanganye kwamba makombo hayo yote hupata mdomo. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba katika mwaka 2022 walimwengu walitupa tani bilioni 1.05 za chakula, takriban sehemu moja ya tano ya kile kilichowafikia walaji, na fungu kubwa lake lilitoka majumbani. Sisi wa mwambao, ambao mvua moja ikikosekana bei ya mchele hutikisa nyumba zetu, hatuna udhuru wa kuwamo katika hesabu hiyo kwa ajili ya kuogopa masengenyo.

Na mwisho kuna deni. Michango ya ndugu na ya marafiki haitoshi, mwenye shughuli akakopa dukani, na mara nyingi kile alichokikopa ndicho kile kilichomwagwa. Wale wawili waliooana huanza maisha yao katika nyumba ambayo wazee wake wanalipia chakula ambacho hapana aliyekila. Ilhali walima wenyewe umewekwa kwa wepesi: Abdurrahman bin Auf, aliyekuja kuwa miongoni mwa matajiri wa Madina, aliambiwa na Mtume afanye walima ijapokuwa kwa kondoo mmoja, na Mtume mwenyewe alipomwoa Bibi Safiya, njiani kutoka Khaibar, walima wake ulikuwa tende, samli na jibini, hapakuwa na mkate wala nyama, na watu wakala. Ikiwa kondoo mmoja alitosha jina la walima, mbuzi wawili wa ziada, waliokwenda jalalani, tutawaita nini?

Basi nawaambia wenye shughuli za mwaka huu: kikao cha kwanza kikiketi, kabla ya kutajwa rangi ya nguo na jina la mpiga taarabu, liletwe daftari. Waandikwe wageni, wakubwa mbali na watoto mbali. Waandikwe mafukara wa mtaa kwa majina. Waandikwe wapishi na wasaidizi wao. Aitwe mpishi aulizwe, na kilo zikisha kutajwa zishikwe, na mwenye kusema ongeza magunia mawili kwa ajili ya heshima aulizwe ni wageni gani watakaoyala. Akiwataja, waongezwe katika orodha na mchele uongezwe kwa kadiri yao, kwa moyo mkunjufu. Akishindwa kuwataja, magunia yake yabaki dukani. Na kijana atakayeishika kalamu hiyo asitishwe na jina la bahili, kwa kuwa siku ya walima, pale ambapo mgeni wa kwanza na mwoshaji vyombo wa mwisho watakapokuwa wamekula pilau ile ile, moto ule ule, na mwenye nyumba hadaiwi na mtu, itakuwa imedhihirika ni nani aliyewakirimu watu na ni nani aliyekuwa akizikirimu ndoo za makombo.